Mwavuli wa Kuazima

Nilianzia Nyawera, mbele ya mlango wa benki,
na koleo, na uzi wa nailoni,
na njiti nilizong'oa kwenye miavuli iliyokufa.
Nilijiambia: wenye suti ndio wenye miavuli.
Kumbe mwenye suti, mwavuli ukimvunjikia,
anauacha papo hapo mtaroni kama mfupa wa kuku,
anapiga simu, gari linakuja.
Njiti zake nilizipata bure.
Pesa yake sikuiona.

Nikapanda Kadutu.
Huko mvua haiombi ruhusa, inateremka ngazi pamoja na watu,
na udongo mwekundu, na kandambili moja isiyo na mwenzake.
Nikasema: wanaolowa ndio watakaonijia.
Lakini mama wa ndizi anajifunika beseni lake,
watoto wanavaa mfuko wa sukari,
na mlevi, yeye na mvua ni watani,
wanatukanana huku wakicheka.

Miezi mitatu.
Jioni moja Nabintu alizihesabu noti zangu
(haikumchukua muda)
akauliza: "Hao wachache waliokulipa, ni akina nani?"
Nikamjibu: watu tu.
"Hakuna mtu anayeitwa watu tu," akasema, akazima taa.

Nikawaita gizani, mmoja mmoja.
Mwalimu Kajibwami: nilimpa kiti, hakukaa,
aliuliza "lini?" kabla ya kuuliza "bei gani?"
Binti wa kwaya ya Cahi
aliyeuleta umeviringishwa kwenye kitenge kama kitu cha wizi.
Kijana wa Panzi, ametoka kuposa,
mara tatu: "Kovu litaonekana?"
Hakuna aliyeomba nimpunguzie.
Wote walikuwa wakiitazama njia.
Na wote, sasa nakumbuka, walisema "huu mwavuli";
hata mmoja hakusema "wangu".

Nikamwamsha mke wangu.
Nabintu, si tajiri, si maskini:
mteja wangu ni yule aliyeazima.
Akasema, "Haya, lala basi."

Asubuhi nikaiacha barabara,
nikahamia nyuma ya ukuta wa shule,
mahali mtu anaweza kusimama
bila kuonwa na shangazi yake.
Nikanunua uzi wa kila rangi, hata ule wa damu ya mzee,
hata buluu ya miavuli inayogawiwa bure na kampuni za simu
(nayo huazimwa, msishangae).
Nikajifunza kushona kwa upande wa ndani,
kuipaka njiti mpya masizi, izeeke kabla ya saa kumi.
Zaidi ya yote nikajifunza kutouliza.
"Ni wa nani?" ni swali ghali,
linaweza kukufukuzia mtaa mzima.

Jumamosi akaja Madame Nsimire wa Nguba,
mkononi mwavuli wa maua ya zambarau.
"Niliuazimisha mzima, ukarudi mzima.
Jana nimeufungua, nikaona uzi.
Ni mkono wako?"

Ulikuwa mkono wangu.
Naujua mshono wangu kama mtu anavyoujua mwandiko wake.
Nikayaona macho ya binti wa Cahi.
"Mama," nikasema, "uzi kama huu unauzwa kila duka."

Akanitazama. Manyunyu yakaanza.
Akaufungua mwavuli, ukafunguka bila kukwama,
nami nikafurahi kimya kimya
kama mzazi aliyekatazwa kumsalimia mtoto wake.

Hakuondoka.
Aligeuka, akaangalia njia, juu, halafu chini,
akatoa mkobani mwavuli mwingine,
mweusi, mpini wa mbao, herufi mbili zimechongwa,
wala hazikuwa za jina lake.
"Huu unataka njiti mbili," akasema kwa sauti ndogo.
"Kabla ya misa ya kesho."

Nikamsogezea kiti.
Hakukaa.